Karatasi ya ultrasaundi inasema nini kuhusu siku ya kujifungua? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazazi wengi hutoka kwenye chumba cha ultrasaundi na picha mkononi na sentensi moja kichwani: mtoto anaendelea vizuri, au kuna kitu hakijakaa sawa. Karatasi ya majibu huingizwa ndani ya kadi ya kliniki na kusahaulika humo mpaka uchungu uanze. Ni hasara, kwa sababu mengi yaliyoandikwa pale yanahusu siku ya kujifungua: hospitali ya kiwango gani iandaliwe, wakati gani msisubiri hata saa moja, nani awe karibu. Katika majibu yaliyo hapa chini nimejaribu kulifikia swali ambalo natamani kila mzazi aulize kabla mama hajainuka kitandani: habari hii inabadilisha nini katika mpango wetu wa kujifungua?

Ultrasaundi ya kwanza ifanyike lini, na zinatosha ngapi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na ahudhurie kliniki mara 8. Kama mna nafasi ya kufanya mbili, moja iwe kabla ya wiki ya 14 ili kujua umri wa mimba, na nyingine kati ya wiki ya 18 na 22, wakati viungo vya mtoto vinaonekana vizuri. Zaidi ya hapo huhitajika kukiwa na sababu: mapacha, shinikizo la damu, kondo la nyuma lililo chini, mtoto asiyekua inavyotarajiwa, maji ya uzazi kuwa machache au mengi kupita kiasi.

Jambo moja nalisisitiza kila ninapopata nafasi. Picha nzuri haimaanishi kwamba mimba haina hatari. Ultrasaundi haipimi shinikizo la damu la mama, haioni protini kwenye mkojo, wala haijui wingi wa damu yake. Mama anaweza kuambiwa asubuhi kwamba mtoto ni mzima kabisa, na jioni akaanza dalili za kifafa cha mimba. Msiache kliniki kwa sababu mmeiona picha.

Je, mionzi yake inamdhuru mtoto?

Ultrasaundi haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Yanapiga viungo vya mtoto na kurudi, na mashine inayageuza kuwa picha. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, na tangu hapo kipimo hiki kimetumika kwa vizazi kadhaa bila kuonekana madhara kwa watoto. Hata hivyo mawimbi hayo huleta joto kidogo, ndiyo maana kipimo hufanywa kwa sababu ya kitabibu na kwa muda unaohitajika, si kwa kujiburudisha.

Tarehe ya ultrasaundi na ile ya hedhi hazilingani. Tufuate ipi?

Kwa kawaida mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku 280 mbele, yaani wiki 40. Hesabu hiyo inamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 na anaikumbuka tarehe bila wasiwasi. Wengi hawako hivyo, na hapo ultrasaundi ya mapema inasaidia sana.

Kabla ya wiki ya 14 mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni. Katika umri huo watoto hukua kwa kasi inayofanana mno, kwa hiyo makadirio hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Mimba inavyokua, kila mtoto hufuata umbo la wazazi wake, na katika miezi mitatu ya mwisho kosa linaweza kufika wiki 3 huku au kule. Kwa sababu hiyo ultrasaundi ya kwanza ndiyo inayotawala. Mkifanya nyingine wiki ya 34 na karatasi ikatoa tarehe mpya, umri wa mimba haujabadilika; mashine inasema tu kwamba mtoto ana ukubwa wa wiki fulani. Tarehe ya mwanzo iandikwe kwa kalamu nzito kwenye kadi na isifutwe. Nimeona akina mama wakikaribia kuanzishiwa uchungu mapema, na wengine wakiachwa kupita wiki ya 42, kwa sababu mtu alifuata karatasi ya mwisho.

Na hata tarehe sahihi si ahadi. Takriban mtoto 1 kati ya 20 ndiye huzaliwa siku ile ile iliyoandikwa. Jiandaeni kwa kipindi, kuanzia wiki ya 37. Mkifika wiki 41 kamili bila uchungu, ndipo mazungumzo ya kuanzishiwa uchungu yanapaswa kuwa yamefanyika, kwa sababu kuanzia hapo hatari kwa mtoto huongezeka.

BPD, HC, AC, FL, EFW, AFI: herufi hizi ni za nini?

BPD ni upana wa kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. HC ni mzingo wa kichwa, AC mzingo wa tumbo, FL urefu wa mfupa wa paja. Kutokana na hivyo vinne mashine hukadiria uzito, nao ndio EFW. AFI ni kiasi cha maji ya uzazi. Kati ya sentimita 5 na 25 huhesabiwa kawaida. Wapimaji wengine hupima dimbwi moja tu lenye kina kirefu zaidi, na hapo kawaida ni sentimita 2 hadi 8.

Mbele ya kila kipimo huandikwa wiki, na mara nyingi hazilingani: kichwa wiki 31, paja wiki 29 na siku 5. Hilo halimaanishi mtoto ana kasoro. Mtoto wa wazazi wafupi anaweza kuwa na paja fupi.

Uzito ndio unaoleta hofu zaidi, nao ndio usioaminika sana. Makadirio hukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto aliyeandikiwa kilo 3.5 anaweza kuzaliwa na kilo 3 au na kilo 4. Kwa hiyo neno "mtoto mkubwa" peke yake halitoshi kupanga upasuaji. Ulizeni: mama amepimwa kisukari cha mimba? Watoto waliotangulia walizaliwa na uzito gani, na kwa njia gani? Kwa mtoto anayeonekana mdogo, swali ni tofauti. Je, ni mdogo lakini anakua kwa mwendo wake, au ukuaji umesimama? Hilo haliwezi kujulikana kwa kipimo kimoja. Hurudiwa baada ya wiki 2 au 3, na mtiririko wa damu kwenye kitovu hupimwa kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Kama damu haipiti vizuri, mtoto atahitaji kuzaliwa mahali penye wodi ya watoto wachanga, pengine kabla ya wakati wake.

Tumepima wiki ya 6 na mapigo ya moyo hayakuonekana. Mimba imeharibika?

Bado haijulikani, na msikubali mtu yeyote awaambie kwa uhakika siku hiyo kama vipimo ni vidogo. Kiinitete chenye urefu chini ya milimita 7 kinaweza kuwa hai bila moyo kuonekana. Kifuko cha mimba chenye upana wa wastani chini ya milimita 25 kinaweza kuwa bado hakijaonyesha kiinitete. Pengine yai lilitungwa siku chache baadaye kuliko mlivyohesabu. Utaratibu unaofaa ni kurudia baada ya siku 7 hadi 14, ikiwezekana kwa kifaa cha kupima kupitia ukeni, ambacho huona vizuri zaidi mimba changa.

Siku hizo za kusubiri ni nzito kuliko maelezo, na hakuna chakula, dua wala mapumziko ya kitandani yanayoharakisha jibu. Mama asiachwe peke yake nazo. Na kama kifuko hakikuonekana ndani ya mfuko wa uzazi, basi maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia yanahitaji hospitali papo hapo, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Vivyo hivyo damu nyingi.

Tumeambiwa kondo la nyuma liko chini. Ni upasuaji moja kwa moja?

Kama mmeambiwa karibu na wiki ya 20, yaelekea si upasuaji. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hutanuka kadiri mimba inavyokua, na kondo hupandishwa juu pamoja nayo. Takriban wanawake 9 kati ya 10 walioambiwa hivyo katikati ya mimba hukuta njia imeshakuwa wazi mwishoni. Rudini wiki ya 32. Kama bado liko chini, rudieni tena karibu na wiki ya 36.

Kipimo kinachoamua ni umbali kati ya ukingo wa kondo na tundu la ndani la mlango wa kizazi. Chini ya milimita 20 huitwa kondo la chini, na njia ya kujifungua huamuliwa na daktari pamoja nanyi. Likiwa limefunika tundu lenyewe, mtoto hawezi kupita bila mama kuvuja damu vibaya, na hapo upasuaji hupangwa, mara nyingi kati ya wiki ya 36 na 37, kabla uchungu haujaanza wenyewe.

Mpaka mjue kondo limehamia wapi, mpango wenu unabadilika hivi. Damu nyekundu isiyo na maumivu, hata ikiwa kidogo na hata ikikoma, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kila mhudumu mpya mtakayekutana naye aambiwe neno hili la kwanza kabisa: "kondo liko chini", kwa sababu hapaswi kupima njia kwa vidole kabla ya kulihakikisha. Msikae mbali na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Na kama mama ana kovu la upasuaji wa uzazi uliopita na kondo limekaa chini upande wa mbele, ombeni ultrasaundi ya mtaalamu aangalie kama limejichimbia kwenye kovu. Hiyo ni hali nadra lakini nzito sana, na wanaookoka bila matatizo ni wale walioifahamu mapema wakajifungulia mahali penye madaktari na damu ya kutosha.

Mtoto ametanguliza matako. Atageuka?

Wiki ya 28, takriban mtoto 1 kati ya 5 bado ametanguliza matako. Mimba ikitimia, hubaki 3 au 4 tu kati ya 100. Kwa hiyo kabla ya wiki ya 36 habari hii haina uzito mkubwa.

Kuanzia wiki ya 36 au 37 daktari mwenye ujuzi anaweza kumgeuza mtoto kwa kusukuma tumbo la mama kwa mikono kutoka nje, huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Hufanikiwa karibu nusu ya mara. Asije mtu mwingine yeyote akakanda tumbo nyumbani kwa nia hiyo. Kondo linaweza kubanduka. Mtoto akikataa kugeuka, mtachagua kati ya upasuaji uliopangwa na kujifungua kwa njia ya kawaida mbele ya mtu aliyezoea kuzalisha watoto wa namna hiyo. Swali la haki la kuuliza hospitalini ni kama mtu huyo yupo kweli, usiku na mchana.

Mtoto akiwa ametanguliza matako au amelala kwa kukingama, chupa ikipasuka msisubiri uchungu. Kitovu kinaweza kuteleza na kutangulia. Kikionekana au kikigusika ukeni, mama apige magoti, ainamishe kifua chini na kuinua makalio juu, kisha mwombe msaada wa dharura.

Kitovu kimemzunguka shingoni. Atanyongwa?

Hapana. Karibu mtoto 1 kati ya 4 huzaliwa hivyo, na mkunga huondoa kitovu kwa kidole au humzalisha mtoto kupitia hapo hapo. Mtoto tumboni hapumui kwa koo. Peke yake si sababu ya upasuaji. Mapigo ya moyo wakati wa uchungu ndiyo yatakayosema kama kuna shida.

Wameona kitu wasichokielewa na wanataka vipimo zaidi. Tufanye nini?

Kwanza, msiondoke na neno "kitu". Ombeni jina lake liandikwe, na mpimaji aseme kama amekiona kwa uhakika au amekishuku.

Kuna vipimo vya kuchuja na vipimo vya kuthibitisha, na kuvichanganya kumewatesa wazazi wengi bure. Upana wa maji nyuma ya shingo ya mtoto, unaopimwa kati ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13, ni wa kuchuja: unasema uwezekano umepanda, hausemi mtoto ana ugonjwa. Vivyo hivyo nukta nyeupe kwenye moyo au vijifuko vya maji kwenye ubongo. Vikionekana peke yake kwa mtoto ambaye mengine yote yako sawa, kwa kawaida havina madhara, na vijifuko hivyo hutoweka vyenyewe. Anayethibitisha ni mtaalamu anayechukua sehemu ndogo ya kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Vipimo hivyo vina hatari ya mimba kutoka, chini ya 1 kati ya 100. Kuvikubali au kuvikataa ni uamuzi wenu, na mhudumu mwema hatawasukuma upande wowote.

Jambo likithibitika, rudini kwenye lile swali letu. Mtoto wetu atahitaji nini ndani ya saa ya kwanza ya maisha yake? Mdomo uliopasuka au mguu uliopinda hauhitaji daktari wa upasuaji siku hiyo. Unahitaji mtu wa kumsaidia mama kunyonyesha na miadi ya kliniki. Matumbo yaliyotoka nje au baadhi ya kasoro za moyo zinahitaji mtoto azaliwe palipo na wataalamu, kwa kuwa kumsafirisha baada ya kuzaliwa ni hatari kubwa. Habari ile ile inayoumiza wiki ya 20 ndiyo inayoweza kumwokoa wiki ya 38. Nendeni wawili kuisikiliza kama mnaweza, mmoja aandike. Aliyeshtuka hasikii nusu ya anayoambiwa, na hakuna ubaya kuomba mwelezwe tena kesho.

Wakati huo huo, ripoti isiyo na kasoro haithibitishi kwamba kila kitu kiko sawa. Yapo magonjwa ambayo ultrasaundi haiyaoni.

Je, jinsia?

Kuanzia wiki ya 18 hivi huonekana vizuri mtoto akikaa vyema, na mara chache mpimaji hukosea. Kama hamtaki kujua, semeni kabla jeli haijapakwa.

Ni mapacha. Kipi kinabadilika?

Karibu kila kitu, na yote hutegemea jambo moja linaloonekana vizuri kabla ya wiki ya 14 tu: je, wanashiriki kondo moja au kila mmoja ana lake? Wenye makondo mawili hupimwa kila baada ya wiki 4. Wanaoshiriki moja hupimwa kila baada ya wiki 2 kuanzia wiki ya 16, kwa sababu damu inaweza kutoka kwa mmoja na kumwelemea mwingine. Hakikisheni hilo limeandikwa. Kuzaliwa hupangwa mapema zaidi: karibu wiki ya 37 kwa wenye makondo mawili, wiki ya 36 kwa wanaoshiriki. Wa kwanza akitanguliza kichwa, wengi wanaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, lakini iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na watu wawili wa kupokea watoto.

Mbali na begi, tuandae nini?

Begi liwe tayari wiki ya 36: nguo za mtoto, pedi, kanga au shuka, kadi, karatasi zote za ultrasaundi. Basi. Watu huweka akili yao yote kwenye begi.

Yanayookoa maisha ni mengine. Amueni ni hospitali gani, na ni ipi ya pili kama ya kwanza imejaa. Mjue mtafikaje saa 8 usiku. Fedha ya dharura iwe mahali ambapo wote wawili mnaweza kuifikia, kwa sababu uchungu hausubiri aliye safarini. Watafuteni mapema watu wawili watatu walio tayari kutoa damu. Kundi la damu la mama lijulikane. Kama ni hasi, aulize kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ambayo hutolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya. Kama kuna watoto nyumbani, mtu wa kukaa nao ajulikane kwa jina.

Kwa mwili wenyewe: kuanzia wiki ya 28 mama alale kwa ubavu, kwa kuwa kulala chali hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kuanzia wiki ya 34, kukanda taratibu eneo kati ya uke na njia ya haja kubwa kwa mafuta safi hupunguza kuchanika, hasa kwa anayejifungua kwa mara ya kwanza.

Nitajuaje kwamba huu ni uchungu wa kweli?

Ukitembea hauachi, ukioga hauachi, ukilala hauachi. Unaanzia mgongoni au chini ya tumbo, tumbo linakaza kisha linaachia, na kila saa nafasi kati ya mkazo na mkazo inapungua. Unaokuja na kupotea bila mpangilio ni mwili kujizoeza. Ute mzito wenye damu kidogo unaonyesha mlango wa kizazi umeanza kulegea, lakini uchungu unaweza kuja saa hiyo au baada ya siku kadhaa.

Kwa mimba ya kwanza isiyo na tatizo, wengi huambiwa waende mikazo ikifika kila dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika moja, kwa muda wa saa nzima. Kanuni hiyo ni ya anayeishi karibu. Hospitali ikiwa mbali, mtoto akiwa si wa kwanza, au karatasi ya ultrasaundi ikiwa na lolote kati ya tuliyoyataja, ondokeni mapema.

Chupa imepasuka lakini uchungu haupo.

Angalieni saa, angalieni rangi, vaeni pedi safi, msiingize chochote ukeni, nendeni mkapimwe. Maji meupe au ya manjano hafifu ni ya kawaida, na mimba ikiwa imetimia, takriban 6 kati ya 10 huanza uchungu ndani ya saa 24. Maji ya kijani au kahawia yana kinyesi cha mtoto: hapo ni kwenda bila kuchelewa. Vivyo hivyo maji yenye harufu mbaya, homa, au mimba iliyo chini ya wiki 37.

Kwa nini nilirudishwa nyumbani na njia imefunguka sentimita 2?

Kwa sababu hatua ya mwanzo inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima na zaidi, na mama anayelazwa mapema mno huishia kuongezewa dawa na hatua ambazo pengine asingezihitaji. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu kuwa umekolea kuanzia sentimita 5. Kutoka hapo hadi 10, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa unaofuata. Kusukuma kunaweza kufika saa 3 kwa wa kwanza na saa 2 kwa wengine. Ile kanuni ya zamani ya sentimita moja kila saa haiwafai wanawake wote, na kutoifikia si kushindwa. Kurudishwa nyumbani kusiwe kufukuzwa, lakini. Mapigo ya mtoto yapimwe kwanza, na muulize mnarudi kwa dalili ipi. Kama kwenu ni mbali, ombeni kusubiri karibu na hospitali.

Baba au msindikizaji afanye nini ndani ya chumba?

Uwepo wake pekee una nguvu. Wanawake wanaopata mtu wa kukaa nao mwanzo hadi mwisho hujifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi na huhitaji dawa chache za maumivu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Awe mume, mama mzazi, dada au rafiki, mradi mama anamtaka.

Akandamize mgongo wa chini kwa kiganja mkazo unapokuja. Ampe maji na chakula chepesi, kwa kuwa mama asiye na hatari maalumu anaruhusiwa kula na kunywa. Amkumbushe kukojoa kila saa mbili tatu, amsaidie kubadilisha mkao: kusimama, kuchuchumaa, kupiga magoti. Na juu ya yote, awe ameisoma ile karatasi. Mama akiwa katikati ya mkazo hawezi kueleza kondo lilikuwa wapi au kundi lake la damu ni lipi. Msindikizaji anayeyajua hayo kwa kichwa anafanya kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya.

Kuna dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Nizitumie?

Usizitumie. Baadhi yake hukaza mfuko wa uzazi bila kuachia, mtoto hukosa hewa na mfuko unaweza kupasuka, hasa wenye kovu. Dripu ya uchungu hospitalini hupunguzwa tone kwa tone, lakini kilichonywewa hakiwezi kutolewa.

Nilijifungua kwa upasuaji. Naweza kujaribu njia ya kawaida?

Wengi wanaweza, na wakijaribu karibu 3 kati ya 4 hufanikiwa. Hatari ya kovu kuachia ni takriban 1 kati ya 200. Kinachoamua ni aina ya mkato wa ndani, ambao hauonekani kwa kutazama kovu la nje, kwa hiyo itafuteni karatasi ya upasuaji ule. Iwe hospitali inayoweza kufanya upasuaji wa dharura saa yoyote, na mapigo ya mtoto yafuatiliwe muda wote.

Mtoto amepunguza kucheza, lakini ultrasaundi ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri.

Ya wiki iliyopita haisemi chochote kuhusu leo. Nendeni leo. Si kweli kwamba mtoto hutulia siku zikikaribia. Mchezo wake unaweza kubadilika namna, lakini haupaswi kupungua. Msipoteze muda kwa kumnywesha mama kitu kitamu na kusubiri, wala kifaa cha kusikilizia moyo nyumbani kisiwatulize, maana moyo unaweza kusikika hata mtoto akiwa taabani.

Safari hiyo hiyo ya haraka inahusu kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, degedege, homa na damu.

Mtoto akizaliwa, karatasi za ultrasaundi bado zina kazi?

Zina kazi. Saa ya kwanza ni ya kifuani: ngozi kwa ngozi, kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja, titi ndani ya saa hiyo, na mama achomwe sindano ya oksitosini ya kuzuia kuvuja damu. Kabla hamjaruhusiwa, mwonyesheni daktari wa watoto ripoti. Mtoto aliyekaa kwa kutanguliza matako mwishoni mwa mimba apimwe nyonga kwa ultrasaundi karibu na wiki ya 6, hata kama aligeuka au alizaliwa kwa upasuaji. Aliyeonekana figo zake zimetanuka arudiwe baada ya siku chache, si saa zile za mwanzo, kwa kuwa mtoto mchanga hukojoa kidogo na figo zinaweza kuonekana nzuri wakati hazijakaa sawa. Miadi hiyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto, siyo ya mama.